Breki za Anti Taratibu na Mguu wa Mama Mkwe

Wanahistoria watakapokaa kuandika habari za usafiri wa magurudumu duniani, watalazimika kuigawa kazi yao sehemu mbili: yaliyotokea kabla ya Jumamosi ile, na yaliyotokea baada yake. Siku hiyo, mbele ya watu wa nyumba moja na paka wa jirani, gari dogo la rangi ya maziwa lilibadilishwa mipira ya breki.

Ya mbele tu. Ya nyuma bado.

Saa mbili asubuhi, katika ua wa nyumba ya vyumba vitatu, miguu miwili ya mwanamke imetokeza chini ya gari. Mmoja umevaa soksi ya kijani, mwingine soksi ya buluu. Sehemu ya mbele ya gari imeketi juu ya stendi mbili za chuma. Matairi yaliyofunguliwa yamelazwa chini ya milango, endapo stendi zitabadili mawazo, na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe.

Kutoka chini inasikika sauti tulivu ya mtu anayejaribu kutokukasirika. Anaomba spana namba kumi na moja. Anapewa kumi na tatu. Anairudisha, anaomba tena kumi na moja, na safari hii anaongeza kwamba ni ile fupi, iliyo karibu na paka.

Mwenye miguu hiyo anajulikana mtaani kwa jina la Anti Taratibu. Alipewa na watoto saba anaowapeleka shule kila asubuhi na kuwarudisha kila mchana, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mtoto akisema wamechelewa, taratibu. Akisema ana njaa, taratibu. Akisema mwenzake amemtapikia, hapo huharakisha kidogo.

Hiyo ndiyo kazi yake, na hana nyingine. Malipo ya wazazi wa watoto hao saba ndiyo yanayotoa kodi ya nyumba, petroli, na ada ya binti yake pekee aliye shule ya bweni. Wakibaki sita, hesabu inachechemea. Wakiondoka wote, inalala.

Binti huyo, ambaye shule yake imetangulia kufunga na yuko nyumbani kwa likizo, ni msichana mwerevu, mwenye adabu na uso wa kupendeza. Tutamtaja pale tu itakapobidi.

Matatizo yalianza taratibu, kama ilivyo desturi ya gari lenyewe. Kila Anti alipokanyaga breki, gari lilivuta upande wa kushoto. Alipoachia, gurudumu la mbele kushoto liligoma kuachia nalo. Baada ya safari ndefu lilikuwa la moto, na ndani ya gari kulinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Asubuhi moja, karibu na geti la shule, gari lilivuta zaidi ya kawaida, likapanda ukingo wa barabara na kulalia chungu cha maua. Hakuna aliyeumia isipokuwa maua. Lakini miongoni mwa abiria walikuwamo pacha wa darasa la pili, na pacha wana midomo. Walipofika nyumbani, mmoja alisema walikaribia kufa. Mwenzake alisema walikufa.

Wazazi wakakutana. Hawakumtukana Anti wala kumpigia kelele, jambo ambalo anasema lilimuuma zaidi. Walimwambia kwamba Jumatatu gari litajaribiwa mbele yao. Likivuta tena, watoto wote saba watahamia kwa dereva mwingine mwenye gari jipya. Dereva huyo, kwa bahati tu, alikuwa ameanza kuliosha gari lake kila jioni kwenye njia panda ambayo wazazi wote hupita.

"Siwalaumu," anasema Anti Taratibu. "Ningekuwa mama wa mmoja wao, ningemtoa siku ileile."

Alikuwa amekwisha kulipeleka gari gereji, kwa fundi anayeitwa Fundi Kesho. Jina hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kumwachia gari. Fundi Kesho ni mtu mwema na mikono yake ni ya kweli. Alibadilisha pedi za breki, gurudumu likaendelea kugoma. Akabadilisha kalipa, yaani kile chuma kinachoibana sahani ya gurudumu mpaka isimame. Likagoma vilevile. Mwishoni alilizunguka gari, akalitazama machoni, akatoa uamuzi kwamba lina kiburi.

Anti hakukubali. Kabla ya kununua gari aliuza chai miaka sita katika gereji hiyohiyo, akipita na birika kati ya magari yaliyofunguliwa matumbo. Anasema huwezi kummiminia mtu chai miaka sita bila kujua analalamikia nini, na mafundi hulalamika kwa undani sana.

Basi siku gurudumu lilipong'ang'ania tena, alipandisha jeki papo hapo na kujaribu kulizungusha kwa mkono. Halikutikisika. Akailegeza nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo nyuma ya kalipa. Mafuta ya breki yakaruka, na gurudumu likazunguka kama halijawahi kugombana na mtu.

Hapo akajua. Kalipa haikuwa na kosa. Kulikuwa na kitu kinachoyazuia mafuta yasirudi yalikotoka, na kati ya kalipa na bomba la chuma hakuna kitu kingine ila mpira, ule mrija laini unaopitisha mafuta.

"Mpira ulikuwa umevimba kwa ndani," anaeleza. "Ukikanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu. Ukiachia, hayarudi. Ni kama mgeni anayeujua mlango wa kuingilia tu."

Alimpelekea Fundi Kesho habari hizo. Fundi alifikiri, akakubali kwa moyo mmoja, akasema atalishughulikia. Alipoulizwa lini, alisema lile neno lake. Jumatatu ilikuwa inakuja mbio, kwa hiyo Anti akanunua mipira miwili, washa za shaba, vile vipete vya kuzuia kuvuja, na chupa mbili za mafuta ya breki, akaazima kwa fundi huyo spana ya bomba, na kutangaza nyumbani kwamba Jumamosi ua utafungwa kwa matengenezo.

Kwa nini miwili wakati mbovu ni mmoja? Kwa sababu ilizaliwa siku moja, anasema, na wa kulia ulikuwa unasubiri zamu.

Wa kulia ulitoka bila ubishi. Wa kushoto ulikuwa na mambo yake. Nati inayouunganisha na bomba la chuma ilikuwa imeshikana kwa kutu tangu gari lilipotoka kiwandani, na haikuona sababu ya kuachana sasa. Anti aliisugua kwa brashi ya waya, akaipulizia mafuta ya kulainisha kutu, akaingia ndani kunywa chai. Akatoka, akajaribu, akarudi kunywa chai nyingine. Bomba lile la chuma likikatika, kazi ya mpira mmoja ingekuwa kazi ya gari zima, na Jumatatu ingekuwa ya yule jamaa wa njia panda.

Kwa spana moja alishika kichwa cha mpira kisizunguke. Kwa spana ya bomba, ambayo hukumbatia nati karibu pande zote, aliivuta kidogo kushoto, akairudisha kulia, kisha kushoto tena. Chini ya gari kukawa kimya. Mumewe, ambaye ni kinyozi na mtu wa roho nyepesi, aliinama kuuliza kama bado yuko hai.

"Imeachia," likaja jibu.

Mipira mipya ilikaa mahali pake. Kila mmoja una mstari mweupe ubavuni, na mstari ukikaa umenyooka ujue mpira haukujisokota. Anti alizungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia, huku akichungulia kama mpira unagusa chochote. Haukugusa. Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo, na hapo ndipo kazi nyepesi kuliko zote ilipoota pembe.

Kutoa upepo kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja hukaa kwenye usukani na kukanyaga pedali ya breki. Mwingine, chini kwenye gurudumu, hulegeza nipeli ili mafuta yatoke pamoja na mapovu ya hewa kupitia kamrija hadi kwenye chupa, kisha huikaza. Sheria ni moja: wa juu asiinue mguu mpaka wa chini amekaza. Akiinua mapema, hewa inanyonywa ndani, na kazi yote inarudi mwanzo.

Kinyozi alikabidhiwa pedali. Binti alikabidhiwa kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti, akijazie kila kinapopungua, kazi aliyoifanya kwa bidii ya kupigiwa mfano.

Mwito ulikuwa mfupi. Anti alisema kanyaga, mumewe akajibu nimekanyaga. Anti akalegeza, akakaza, akasema achia, mumewe akajibu nimeachia. Mapovu yakaanza kupungua. Kila kitu kilikwenda kama wimbo wa kwaya mpaka mama mkwe alipopita.

Mama mkwe ni mama yake mzazi Anti Taratibu, fundi cherehani mstaafu anayeishi nao. Kinyozi anamheshimu kupita kiasi. Tangu siku ya posa hajawahi kubaki ameketi huku bibi huyo amesimama. Kuna shahidi anayedai aliwahi kumwona akinyanyuka kwenye kiti cha kung'olea jino kwa sababu mama mkwe alichungulia mlangoni.

Basi bibi alipita kando ya mlango wa gari kwenda kuanua nguo. Kinyozi, aliyekuwa amekwisha kujibu nimekanyaga, alichomoka garini, akasimama wima na kuinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na kazi."

Akarudi kwenye kiti, akakanyaga upya, na hakuona sababu ya kumtajia mtu aliye chini ya gari jambo dogo kama salamu. Chini ya gari, mrija ulijaa mapovu.

Anti aliguna na kuanza tena. Mafuta yalipoanza kutoka safi, bibi alipita mara ya pili, kwa sababu ambazo hazikuweza kuthibitishwa hadi tunakwenda mitamboni. Shikamoo, marahaba, mapovu. Akapita mara ya tatu, akisimama kumwuliza mkwewe kama kuna neno. Kinyozi alisema hakuna neno, mama, ni salamu tu. Mara ya nne alisimama muda mrefu zaidi, wakaulizana habari za mgongo.

Chupa ya kwanza ya mafuta iliisha. Pedali ilikuwa bado laini kama godoro. Anti alizikagua washa zake za shaba moja baada ya nyingine, akakaza kilichokwisha kukazwa, akaanza kuwaza kwamba labda Fundi Kesho alisema kweli na gari lina kiburi. Anakiri kwamba hapo ndipo alipowaona watoto saba wakipanda gari la mtu mwingine, na pacha wakimpungia mkono kwa dirisha.

Alilala pale chini akiitazama chupa ya pili, ambayo ilikuwa imebaki nusu. Ndipo akakumbuka alichokuwa akikisikia bila kukisikiliza. Kila mapovu yalipojaa, kabla yake palikuwa na shikamoo.

Alijivuta akatoka, uso una weusi mpaka kwenye nyusi, akasimama mbele ya dirisha la dereva.

"Mama akipita unafanya nini?"

"Namwamkia," akajibu kinyozi.

"Ukiwa umekaa?"

Kinyozi alimtazama mkewe kama mtu aliyeulizwa kama huwa anaoga na viatu. "Nimwamkie mama yako nimekaa, mimi?"

"Na mguu?"

Kinyozi aliutazama mguu wake wa kulia kwa namna ya kumtazama ndugu aliyeleta aibu ukoo mzima. Akasema kwamba mguu, kwa kweli, huwa anaondoka nao.

Kumwambia asisimame hakukusaidia. Aliahidi, na aliahidi kwa dhati. Bibi akasogea hatua mbili kutoka kwenye ngazi kusikia kinachozungumzwa, na kinyozi akawa amekwisha kuwa nje ya gari. Akaomba radhi kwa wote wawili na kueleza kwamba si yeye, ni magoti.

Hapo Anti Taratibu alifanya uamuzi ambao mwandishi wa makala haya anauweka juu ya maamuzi yote ya siku ile. Alimgeukia mama yake, akamwomba apande kwenye usukani.

Katika nyumba ile bibi ndiye mkubwa kuliko wote. Hakuna anayeweza kupita ambaye bibi atalazimika kumwinukia. Zaidi ya hayo, mguu wake ulikanyaga cherehani tangu usichana wake, asubuhi hadi jioni, kwa sare, mashela na mapazia, na unajua kukaa ulipoambiwa ukae.

Bibi alikusanya gauni lake, akapanda, akasogeza kiti mbele, akakataa mto aliopewa. Akataka kujua jambo moja tu, kama hii pedali inapigwa haraka au inabanwa.

"Inabanwa, mama. Na usiachie mpaka niseme."

"Mimi sijawahi kuachia mshono katikati," akasema bibi.

Kanyaga. Nimekanyaga. Achia. Nimeachia. Kinyozi alisimama kando ya geti, mikono nyuma, akiwa na raha ya mtu ambaye hatimaye amepewa ruhusa ya kusimama. Jirani mwenye paka alichungulia juu ya ukuta na kumsabahi bibi kwa heshima zote. Bibi aliitikia bila kugeuza shingo, na mguu haukutetereka hata unywele.

Mapovu yakawa machache, yakawa moja moja, yakaisha. Mafuta yakapita kwenye mrija yakiwa safi kama chai ya rangi. Upande wa kulia, kisha wa kushoto, na katika chupa ya pili kulibaki kiasi cha kulowesha kidole. Bibi alikanyaga mara ya mwisho, pedali ikasimama juu, ngumu, haiendi popote.

"Imegoma," akalalamika.

Kutoka chini ya gari kilisikika kicheko ambacho, kwa mujibu wa familia, hakikuwa kimesikika tangu siku ya chungu cha maua. Pedali iliyogoma ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

Walikagua kila kiungo kama kinavuja huku bibi akibana kwa nguvu zake zote. Palipodondokewa na mafuta pakaoshwa kwa maji, kwa sababu mafuta ya breki hula rangi ya gari. Matairi yakarudi mahali pake. Mchana, Anti alilitoa gari kwenye barabara ya nyuma isiyo na watu, kwanza kwa mwendo wa kinyonga, kisha kwa mwendo wake wa kawaida, ambao haupishani sana na huo. Alikanyaga. Gari likasimama, limenyooka kama rula. Alishuka na kuligusa gurudumu la kushoto kwa kiganja. Halikuwa la moto. Akalipiga busu, na hajali nani anaandika.

Mpira mbovu waliuchana kwa kisu. Kwa ndani ulikuwa umevimba hadi tundu likakaribia kuziba. Bibi alijaribu kupitisha sindano ya cherehani, ikapita kwa shida.

Jumatatu, wazazi walisubiri mbele ya shule. Kati yao alikuwamo baba mmoja ambaye ni refa wa mpira wa miguu, na alikuja na filimbi. Alieleza kwamba dereva aendeshe, na filimbi ikilia popote, asimame. Refa alipiga filimbi mara tatu, ya mwisho kwa hila, Anti akiwa anakata kona. Mara zote tatu gari lilisimama palepale, bila kuvuta kushoto wala kulia. Mama wa pacha aliligusa gurudumu kwa mkono wake mwenyewe. Refa aliomba achungulie chini, akalala kwenye lami na suti yake, akatoka na vumbi mgongoni akisema hana pingamizi.

Watoto saba walipanda. Pacha walipewa kipande cha mpira mbovu wakakitazame, na hadi wanafika darasani walikuwa wamekiuza.

Habari zilimfikia Fundi Kesho kabla ya saa ya chai. Hakununa. Alikuja mwenyewe kuchukua spana yake, akaikanyaga pedali mara kadhaa, akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeona kazi safi. Akampa Anti nafasi katika gereji yake: kona moja, kila Jumamosi, afanye breki tu. Anti aliuliza aanze lini. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akasema wiki ijayo.

"Nataka gari la pili," anasema Anti Taratibu kuhusu mipango yake. "Niliendeshe moja, lingine nimpe mwanamke mwenzangu. Na kila atakayeendesha gari langu, kwanza alale chini yake."

Makala haya yalikuwa yaishie hapo. Lakini mhusika aliomba asomewe kabla hayajatumwa gazetini, na mwandishi, kwa kuwa ni mtu wa haki, alikubali. Aliyasoma sebuleni, kwa sauti ya kueleweka. Kinyozi alisikiliza amesimama. Kila mtu alicheka palipostahili mpaka ilipofika sentensi ile inayosema bibi alipita mara ya pili kwa sababu ambazo hazikuweza kuthibitishwa.

"Hazikuweza vipi?" akauliza bibi. "Si wewe uliyekuja jikoni ukaniambia mkwe wangu ananiita?"

Anti Taratibu aligeuza kichwa, taratibu.

Mwandishi wa makala haya anapenda kuwataarifu wasomaji kwamba yeye ndiye yule binti mwerevu, mwenye adabu na uso wa kupendeza. Anakiri kwamba safari ya kwanza ya bibi ilikuwa ya nguo kweli, na kwamba namna baba yake alivyochomoka garini ilimchekesha hadi akakosa pumzi nyuma ya boneti. Anakiri kwamba alimtuma bibi tena, mara mbili.

"Tatu," akasema bibi.

Mara tatu. Anakiri pia kwamba hakujua mguu wa baba yake una uhusiano wowote na mapovu. Alidhani ni salamu tu. Alijua pale mama yake alipotoka chini ya gari na ule uso, na tangu hapo alijaza kikopo cha mafuta bila kupepesa macho na bila kumtazama mtu yeyote.

Mhusika wa makala haya hakukasirika. Aliuliza tu kama mwandishi anakumbuka kwamba mipira ya nyuma bado. Mwandishi alikumbuka. Basi Jumamosi hii, kabla ya kwenda kwenye kona yake gereji, Anti atakaa kwenye kiti na kikombe chake cha chai. Mwandishi atalala chini. Baba atakuwa kwenye pedali.

Na bibi, ambaye anasema mgongo wake unamtaka atembee, atapita pale ajisikiapo.